Kumiliki, Kuwa na, Kupatikana na: Bunduki Iliyomo Nyumbani ni ya Nani?

Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu kisa kifupi. Mume ametumikia kifungo na kurudi nyumbani. Mkewe ana kibali cha bunduki, nayo imo kabatini. Je, nani anayo? Katika Kinyarwanda kitenzi ni "gutunga". Wengi waliandika "kumiliki", wachache "kuwa na", na mmoja akaandika "kutunga bunduki", darasa zima likacheka. Hata hivyo, historia ya eneo letu inaonyesha kuwa tofauti ya maneno haya si jambo la mzaha.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Chini ya kanuni za dharura, kupatikana na bunduki au risasi bila idhini kulikuwa kosa la kunyongwa. Kanuni hizo zilikwenda mbali zaidi: hata kuandamana na mtu aliyebeba silaha kuliweza kumfikisha mtu kitanzini. Kwa hiyo haikulazimu bunduki iwe yako, wala iwe mkononi mwako. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo kwa makosa mbalimbali ya dharura.

Mfano mashuhuri ni Dedan Kimathi. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri mwezi uliofuata. Ingawa alikuwa kiongozi wa vita vya msituni, mashtaka hayakutaja vita. Yalitaja bastola moja na risasi sita alizopatikana nazo. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Swali la kisa chetu limejadiliwa sana Marekani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inawakataza waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa kuwa na bunduki. Mke hanyimwi yake kwa sababu ya mume tu. Lakini mume akijua ilipo, na akiwa na uwezo na nia ya kuitawala, mahakama huweza kusema kuwa anayo. Mwaka 2015, katika kesi ya Henderson, Mahakama Kuu ya huko ilitenganisha mambo mawili: mtu aliyetiwa hatiani anaweza kuamua bunduki zake ziuzwe au apewe mtu mwingine, mradi asibaki na udhibiti juu yake. Yaani umiliki ni jambo moja, udhibiti ni jingine.

Kwetu Rwanda, silaha zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2018, iliyokuja baada ya ile ya 2009. Mahakama za Gacaca zilifungwa mwaka 2012, na wengi waliohukumiwa nazo wamekwisha kumaliza vifungo na kurudi katika familia zao. Kiswahili nacho ni lugha rasmi tangu 2017. Siku moja wanafunzi wetu watasimama kortini kama wakalimani, na mbele yao atakuwa mtu wa namna hiyo pamoja na mkewe.

Basi walimu wenzetu, tusifundishe "kumiliki" kuwa jibu la kila mahali. Kumiliki ni haki juu ya mali. Kuwa na kitu ni kukishika au kukidhibiti. Kupatikana nacho ni tendo la anayekamata. Mkalimani akiyachanganya, huenda akamtia mtu hatiani kabla ya hakimu kufungua kinywa.