Barafu ya Kibo na Mabishano Yake

Barafuto, yaani tabaka nene la barafu ambalo hujengeka theluji inaporundikana na kushindiliwa mwaka baada ya mwaka, ni kitu ambacho wataalamu wengi wa Ulaya wa karne ya 19 hawakukubali kwamba kinaweza kuwapo karibu na ikweta. Kwa sababu hiyo Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyeuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe wa theluji kileleni tarehe 11 Mei 1848, alipingwa vikali na William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyekuwa London na ambaye hakuwahi kuukaribia mlima wenyewe. Kiongozi wa safari ya Rebmann, Bwana Kheri, aliutaja weupe ule kwa neno moja tu, “baridi”, na neno hilo lilikuwa na ushahidi zaidi kuliko hoja zote za Cooley.

Ubishi huo ulipoa baada ya msafiri Mjerumani Karl Klaus von der Decken kupanda sehemu ya mlima mwaka 1862. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, baada ya kuchonga ngazi kwenye barafu ngumu, kila kidato kikidai mapigo mengi ya shoka. Meyer aliporudi mwaka 1898 alikuta barafu imekwisha kurudi nyuma. Mwaka 1912, alipopanda Walter Furtwängler, ambaye jina lake limepewa barafuto iliyo ndani ya kreta ya Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, barafu yote ya mlima ilienea takriban kilomita za mraba 12.

Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, na wenzake walitoboa barafu kwa keekee na kutoa nguzo sita, wakakadiria kwamba tabaka la chini kabisa lina umri wa miaka 11,700 hivi, na humo wakakuta vumbi la ukame mkubwa wa miaka 4,000 iliyopita. Walitabiri pia kwamba barafu ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Mtaalamu wa barafuto Georg Kaser na wenzake walisisitiza jambo jingine: tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki imekuwa kavu zaidi, theluji mpya ni haba, na kuta wima za barafu hupigwa na jua hadi kugeuka mvuke bila kwanza kuwa maji, hata hewa inapokuwa chini ya nyuzi sifuri. Barafuto ya Furtwängler, hata hivyo, ilikutwa imelowa maji ilipotobolewa, dalili ya kuyeyuka.

Mwaka 2020 ulipita barafu ingalipo. Lakini Furtwängler, iliyokuwa na mita za mraba 113,000 mwaka 1976 na 60,000 hivi mwaka 2000, ilikuwa imekwisha kukatika vipande, kwa hiyo kosa la utabiri ule lilikuwa la tarehe tu.