Sehemu kwa Milioni: Namba kwenye Kitambuzi cha Gesi ya Friji

Namba inayotokea kwenye kioo cha kitambuzi cha gesi ya friji huambatana na alama ppm, yaani sehemu kwa milioni. Kioo kikionyesha 300, basi katika kila molekuli milioni moja za hewa iliyofikia kihisi, 300 ni za gesi hiyo. Kinachopimwa ni ukolezi wa gesi hewani. Baadhi ya mafundi huita namba hiyo "kiwango cha uvujaji", jina linalopotosha, kwa sababu tundu la sindano katika chumba kilichofungwa usiku kucha huweza kuleta namba kubwa kuliko bomba lililopasuka penye upepo. Kiwango cha uvujaji hupimwa kwa gramu kwa mwaka. Kitambuzi kizuri cha mkononi hunasa hata gramu 5.

Muyinga, nchini Burundi, namba hiyo ina jambo lake. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni karibu milibari 820, wakati pwani ni 1,013. Vitambuzi vingi vya kufunga ukutani hupitisha mwanga wa infraredi katika kijumba kidogo na kupima kiasi kilichofyonzwa na gesi. Kwa hiyo huhesabu molekuli zilizomo kijumbani, kisha hukadiria sehemu kwa milioni kana kwamba hewa ni ya pwani.

Mfano ni friji ndogo yenye gramu 60 za isobutani, gesi iandikwayo R-600a, ikivuja yote katika chumba cha mita 12 za ujazo chenye nyuzi 20. Gesi ikichanganyika sawasawa, ukolezi wa pwani ni karibu 2,070. Muyinga, gramu zilezile zimo katika hewa nyepesi zaidi, hivyo ukolezi wa kweli ni karibu 2,560. Kitambuzi kisichorekebishwa kwa mwinuko kitaandika 2,070 pote pawili. Kwa Muyinga, namba yake izidishwe kwa 1.23 hivi, kwa Gitega, iliyo kwenye mita 1,500 hivi, kizidisho ni 1.2. Vitambuzi vyenye kipimashinikizo ndani hujirekebisha vyenyewe, na maelezo ya mtengenezaji husema kama kimo au hakimo.

Isobutani huwaka, na kikomo chake cha chini cha kuwaka ni asilimia 1.8 ya hewa, sawa na ppm 18,000. Baadhi ya vitambuzi huonyesha asilimia ya kikomo hicho badala ya ppm. Hapo 14 ni namba nzito: ni zaidi ya ppm 2,500. Kabla ya kutaharuki au kupuuza, kwanza iangaliwe alama iliyo kando ya tarakimu. Tena isobutani ni nzito mara mbili ya hewa, hujikusanya sakafuni. Kihisi kilichofungwa karibu na dari kitachelewa kusema.

Usomaji mmoja peke yake hausemi mengi. Namba inayopanda usiku mlango ukifungwa na kushuka asubuhi ukifunguliwa ni dalili ya uvujaji wa polepole. Inayoruka dakika chache sakafu inapopigwa deki huenda ni harufu ya dawa ya kusafishia, hasa kwa vihisi vya oksidi ya chuma, ambavyo hudanganywa pia na spiriti, rangi na gesi ya kupikia. Vihisi hivyo huhitaji kupata moto kwanza, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi, namba za dakika za mwanzo si za kutegemea.

Namba hasi huwashangaza wengi. Mara nyingi chanzo ni kwamba sifuri iliwekwa katika chumba kilichokwisha kuwa na gesi: nje kwenye hewa safi kioo huandika −40, na ndani huandika 0 huku gesi ipo. Sifuri iwekwe uani, mbali na jiko na pikipiki. Sifuri ya kihisi kilichokufa ni jambo jingine, na ndiyo maana katika mifumo ya miliampea 4 hadi 20, hewa safi ni 4. Mkondo ukishuka chini ya 3.6 ni hitilafu ya chombo.

Kuna uvujaji ambao kitambuzi hakiuoni kabisa. Friji ya isobutani ikifanya kazi, shinikizo la upande wa baridi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ni karibu milibari 720, chini hata ya hewa ya Muyinga. Tundu la upande huo halitoi gesi, huvuta hewa ndani. Fundi huizima friji na kuiacha ipate joto la chumba, shinikizo likapanda hadi karibu bari 3. Hapo kitambuzi husogezwa polepole chini ya kila kiungo, na panapolia hupakwa povu la sabuni mpaka mapovu yaonyeshe tundu lenyewe.