Bakapu ya databesi: jinsi ya kurudisha jedwali moja bila kuharibu mengine

Leo naomba tuongelee jambo ambalo wengi tunaojifunza MySQL wenyewe hatulijui mpaka yatukute.

Mimi yalinikuta. Natunza databesi ya duka moja. Siku hiyo saa tisa alasiri nikaandika UPDATE ya kubadilisha bei ya bidhaa moja, nikasahau WHERE. Kubonyeza Enter tu, mfuko wa simenti na kiberiti vyote vikawa shilingi 1,500! Jasho likanitoka. Bakapu ya jana usiku ilikuwepo, nikataka kuirudisha yote fasta. Bahati nzuri nikasita.

Kwa nini? Faili la mysqldump kwa kawaida lina DROP TABLE IF EXISTS kabla ya kila jedwali. Ukilirudisha zima, kila jedwali lililomo linafutwa na kuundwa upya kama lilivyokuwa jana. Bei zingerudi sawa, lakini mauzo yote ya tangu asubuhi yangepotea. Mwenye duka angenielewa kweli?

Hatua nilizofuata ni hizi:

1. Nilichukua bakapu ya hali ilivyo, pamoja na uharibifu wake. Ukikosea tena, una pa kurudia.

2. Nikakagua faili la jana:
grep -n "^USE" jana.sql
Kama lilitengenezwa kwa --databases au --all-databases, ndani yake kuna mstari wa USE. Huo unapeleka data kwenye databesi ile ile halisi, hata kama wewe umetaja nyingine! Ukiuona, faili hilo lifungulie kwenye kompyuta tofauti. La kwangu halikuwa nao.

3. Nikaunda databesi tupu na kurudishia huko:
mysqladmin -u root -p create jaribio
mysql -u root -p jaribio < jana.sql

4. Nikarekebisha bei peke yake:
UPDATE duka.bidhaa b JOIN jaribio.bidhaa z ON b.id = z.id SET b.bei = z.bei;

Bidhaa zilizoongezwa siku hiyo hazikuwemo kwenye bakapu, kwa hiyo bei zake niliziandika kwa mkono. Mauzo hayakuguswa.

Je, kama jedwali zima limepotea? Litoe jaribio ulipeleke duka:
mysqldump -u root -p jaribio bidhaa > bidhaa.sql
mysql -u root -p duka < bidhaa.sql

Angalizo: faili la mysqldump huzima ukaguzi wa uhusiano kati ya majedwali wakati wa kurudisha, na ukiwashwa tena MySQL haipitii rekodi zilizokwisha kuingia. Unaweza kubaki na mauzo ya leo yanayotaja bidhaa ambayo jana haikuwepo. Kagua mwenyewe.

Kwa wanaotumia PostgreSQL, kama bakapu ilichukuliwa kwa pg_dump -Fc kazi ni rahisi zaidi:
pg_restore -t bidhaa -d jaribio jana.dump
Ila -t inaleta jedwali na data yake tu, indeksi haziji. Na kama bakapu ni SQL ya kawaida, pg_restore haiisomi.

Fanyeni zoezi hili leo kwenye databesi ya kuchezea, msisubiri siku ya jasho. Wenye njia nyingine wamwage hapo chini tujifunze.

Nawasilisha.