Wanafunzi 14 wa Sheria, na kiwanja cha dada yangu

Mpwa wangu kanipigia simu kutoka Tanga. Amepata nafasi ya kusomea shahada ya sheria, miaka minne ya kukaa darasani, na dada yangu yuko tayari kuuza kiwanja. Wengine wanamwambia ashike kazi, asome Chuo Kikuu Huria pole pole. Akaniuliza: "Mjomba, nikimaliza hiyo minne ndio nishakuwa wakili?"

Sasa mwalimu wa historia haulizwi swali fupi. Nilimrudisha nyuma.

Mkoloni hakupenda kumsomesha Mwafrika sheria. Udaktari wa Makerere sawa, ualimu sawa. Lakini mwanasheria alionekana mwanasiasa mtarajiwa. Aliyeitaka ilibidi avuke bahari mpaka London, ajiandikishe Lincoln's Inn au Gray's Inn, na ale dhifa zao za jioni, kwani bila kuhudhuria dhifa hizo hupati uwakili. Nauli alipe nani? Ndiyo maana Tanganyika ilipokaribia uhuru mawakili Waafrika walihesabika kwa vidole; kazi walikuwa nayo Wazungu na Wahindi.

Basi tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita tu kabla ya uhuru, chuo kikuu kikafunguliwa Dar es Salaam ndani ya jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja, sheria, na wanafunzi 14. Mwanamke mmoja peke yake, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria. Kwa nini sheria kwanza? Makerere walikuwa na udaktari, Nairobi uhandisi. Sheria haikuwepo popote katika nchi zetu tatu. Kwa hiyo hata Wakenya walikuja Dar: Amos Wako, Mwanasheria Mkuu wa Kenya 1991 hadi 2011, na Willy Mutunga, Jaji Mkuu kuanzia 2011. Mzanzibari Augustino Ramadhani naye alipita hapo, akaja kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania mwaka 2007.

Tazameni vyeo hivyo. Shahada ile haikubuniwa kwa ajili ya mtu kufungua ofisi yake mjini. Serikali ilitaka waandishi wa miswada, waendesha mashtaka, mahakimu. Na baada ya Azimio la Arusha, 1967, mabenki na makampuni makubwa yakawa ya umma. Wakili wa binafsi angemtetea tajiri gani?

Leo mambo ni mengine. Baada ya shahada kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, ndipo uombe uwakili. Mwaka 2022 kulizuka kelele: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Ikaundwa kamati, wakalaumiana, vyuo na Shule. Nikamwambia mpwa wangu wazi: minne si uwakili. Ila kuna mabenki, halmashauri, bima, ardhi, mashirika, wote wanaajiri maofisa sheria. Na kama anaweza, akae darasani, maana sheria hujifunzwa kwa kubishana, na kubishana peke yako usiku na kijitabu ni kazi.

Akanyamaza, kisha: "Hao 14, na nyinyi mliofuata, mama zenu waliuza viwanja?"

Mimi nilisomeshwa na serikali Mlimani. Kisha nikaja huku kufanya udaktari wangu, nikabaki. Hilo sikumwambia, analijua. Dada bado hajauza, anangoja nimpigie Ijumaa.