Alidina Visram na kuni za Ziwa Victoria

Hadi mwaka 2007, Rorya ilipomegwa kuwa wilaya, Tarime ilikuwa na bandari yake: Shirati. Leo, hapa mkoani Mara, si wilaya ya Tarime wala ya Serengeti inayogusa Ziwa Victoria, na vijana wa huku wanakua bila kujua kwamba ng'ambo ya vilima vyao kulikuwa na biashara kubwa ya majini. Katika biashara hiyo jina la Alidina Visram lilivuma kuliko mengine.

Alizaliwa Kera, Kutch, mwaka 1851. Akiwa na miaka 12 alivuka bahari hadi Bagamoyo, akafanya kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara ya bara. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Alidina naye alikwishakuwa mfanyabiashara wa kutajwa. Akaifuata Reli ya Uganda, akifungua maduka njiani mpaka Kisumu, na pia Kampala. Ziwani akaweka majahazi yake.

Meli za reli zilikuwa za mvuke. William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, Winifred ikafuata mwaka 1902, na zote zilikula kuni. Tena zilikula sana! Magogo yalijaza nafasi ambayo ingebeba ngozi na samli, na kila kituo kilihitaji watu wa kukata, kubeba na kupanga. Majahazi ya Alidina yalitumia upepo, nao haulipiwi, ingawa haufuati ratiba.

Wakata kuni walilipa zaidi ya jasho. Waliingia kwenye vichaka vya ufukweni, maskani ya mbung'o wanaoeneza malale, ugonjwa ulioua zaidi ya watu 200,000 Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Alidina ana shule Mombasa yenye jina lake, na anastahili. Wakata kuni hawakuwekewa hata kibao, na hilo linaniuma.

Kisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vikaingia ziwani. Novemba 1914 meli ya Sybil ilikwama Majita, hapa hapa Mara, na mabaharia wa Kiingereza wakaiacha. Alidina alifariki mwaka 1916, vita vikiendelea, na kampuni yake haikudumu sana baada yake. Kuni zilidumu kuliko kampuni. MV Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, ilikuja na injini za dizeli, na leo mvuvi wa Shirati anajaza petroli iliyoletwa na lori.