Nani ataamia ndege?

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa shule awe darasani. Azimio la Musoma limeandikwa sana kwa upande wa elimu: walimu waliofunzwa harakaharaka vijijini, madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi, vitabu vilivyogawanwa na watoto watano. Upande wa mtama haukuandikwa. Mashambani Bunda na Butiama, watoto hao hao ndio waliokuwa walinzi wa nafaka, na ndege hawakualikwa kikaoni.

Kazi yenyewe ni kuamia. Mtama ukianza kutia maziwa, familia husimamisha dungu la miti katikati ya shamba, na mtoto hulipanda kabla jua halijachomoza, akiwa na kombeo, rundo la madonge ya udongo na koo lake. Ndege hula zaidi alfajiri na alasiri. Mchana wa jua kali hukimbilia vivuli karibu na maji, na hapo ndipo mlinzi hupata nafasi ya kula. Mawingu yakitanda siku nzima, nafasi hiyo haipo. Ulinzi huendelea kwa wiki kadhaa, mpaka punje ikauke na kuwa ngumu.

Mvua ndiyo iliyopanga yote. Aliyepanda peke yake, mapema au kwa kuchelewa, alilisha ndege wa kijiji kizima, kwa hiyo majirani walijitahidi kupanda pamoja mvua zilipotulia. Zikinyesha kwa kurukaruka, shamba moja hukomaa vipandevipande, na siku za dunguni huongezeka. Baadaye yalikuja madebe, sanamu zilizovikwa makoti makuukuu, na utepe wa kaseti unaotandazwa juu ya masuke. Utepe huo hulia vizuri upepo ukivuma. Upepo ukilala, ndege huuzoea kufikia siku ya tatu.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliingia Shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Katika umri huo wenzake wengi wa Uzanaki walikuwa bado machungani na mashambani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya kusoma kuwa lazima. Kwa maoni yangu, hapo ndipo hesabu ya mtama ilipobadilika kabisa katika mkoa huu wa Mara. Muhogo hukaa ardhini, hindi limefungwa ndani ya maganda yake, na yote mawili hayahitaji mtoto juu ya dungu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeshahimiza muhogo kama akiba ya njaa, hasa baada ya nzige wa miaka ya 1930. Shule ziliongeza sababu nyingine.

Adui mkuu wa mtama ni kwelea kwelea, ndege mwenye mdomo mwekundu na uzito wa gramu 15 hadi 20. Kwa siku mmoja hula karibu gramu 10, kwa hiyo kundi la milioni moja hutafuna takribani tani 10 kwa siku. Na milioni moja kwa kwelea si kundi kubwa.

Safari zake zilieleweka vizuri baada ya mtafiti Peter Ward kuchapisha kazi yake mwaka 1971. Kiangazi kwelea huishi kwa mbegu za nyasi zilizodondoka chini. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu zile huota zote kwa mpigo, na ndege hujikuta hana chakula huku nchi nzima ikiwa kijani. Hulazimika kuruka kuyapita mawingu, kwenda kule mvua ilikoanza mapema na nyasi mpya zimeshazaa. Kisha hurudi akizifuata mbegu changa, akitaga njiani penye miiba minene. Mwaka ambao nyasi zinakauka mapema, mtama ndio unaobaki wazi mbele yake.

Kwa nini wasipigwe risasi? Uingereza wakulima hufanya hivyo kwa njiwa wa porini, ambaye majira ya baridi hushambulia mashamba ya mboga na mbegu za mafuta. Mwindaji hujificha nyuma ya wavu pembeni mwa shamba, hutandika njiwa wa bandia, kisha husubiri siku ya upepo mkali inayowalazimisha kuruka chini. Njiwa yule ana nusu kilo na nyama yake inauzwa. Huku kwetu gobore na marisau vilikuwa na maana kwa kanga na kwale. Kwa kiumbe cha gramu 20, baruti ni ghali kuliko mtama anaouiba.

Jibu lililokaribia kufaulu lilitoka maabara. Hugh Doggett, mtafiti wa mtama aliyewahi kufanya kazi Ukiriguru, Mwanza, kabla ya kuhamia Serere nchini Uganda, alizalisha huko aina iitwayo Serena, mtama wa punje za kahawia wenye tanini nyingi. Punje ikiwa changa ni chungu, na ndege mwenye pa kwenda huiacha. Lakini tanini hiyo hiyo hubaki katika unga, na viwanda vya bia vinavyonunua mtama siku hizi vinataka mweupe. Mtama mweupe ni mtamu kwa kila mtu, kwelea akiwemo.

Ikabaki ndege ya kunyunyizia. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, lilikuja kubeba pia kazi ya kwelea, na Tanzania ni mwanachama. Sumu ni fenthioni, hupulizwa juu ya kichaka jua likizama, makundi yanaporejea kulala. Rubani anahitaji upepo mwanana na anga lisilo na mvua. Mkoa wa Mara una tabu yake hapo: upepo wa Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki, na radi za alasiri hujengeka upande huu wa ziwa saa ile ile ndege inapotakiwa kuruka. Kukiharibika, kazi huahirishwa, na kila siku ya kusubiri ni chakula cha kundi. Bundi na tai wanaookota mizoga hufa pia.

Kondoa, mkoani Dodoma, watu wana desturi nyingine: huwatega kwelea kwa matundu na nyavu, wakawakaanga na kuwauza. Ni nyama nzuri, na gharama yake ni nyavu tu. Ila ndege aliyepuliziwa hafai kuliwa, kwa hiyo kichaka kimoja hakiwezi kuhudumiwa kwa njia zote mbili, na fedha za serikali mpaka sasa zimeelemea kwenye sumu.