Samaki mdogo afichua siri za ubongo

SAMAKI mdogo mwenye milia, ambaye asili yake ni mito na madimbwi ya India, Bangladesh na Nepal, amekuwa nguzo muhimu katika utafiti kuhusu namna ubongo unavyoongoza tabia.

Samaki huyo, anayeitwa pundamilia kwa sababu ya milia yake, hufikia urefu wa sentimita nne hivi. Profesa George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ndiye aliyefungua njia ya kumtumia katika masuala ya jenetiki miaka ya 1970.

Ubongo wa binadamu umefichwa na fuvu, lakini kifaranga wa samaki huyu huwa mwangavu kama kioo. Akiwa na umri wa takriban wiki moja, ana seli za neva zipatazo 100,000 pekee, ilhali binadamu ana bilioni 86 hivi. Hata hivyo, tayari huwinda na kukimbia adui.

Watafiti humpa jeni ya protini inayong'aa kila seli ya neva inapofanya kazi. Mnamo 2013, Misha Ahrens na Philipp Keller wa kituo cha Janelia, jimboni Virginia, walitumia hadubini yenye utando mwembamba wa mwanga kunasa shughuli za zaidi ya asilimia 80 ya seli hizo.

Mwaka wa 2019, watafiti wa kituo hicho walichunguza jinsi samaki anavyokata tamaa. Kifaranga alishikiliwa asisogee, huku milia ikipitishwa chini yake ili adhani anasonga mbele. Milia ilipoacha kuitikia juhudi zake, alichapa mkia kwa nguvu zaidi, kisha akatulia.

Ilibainika kuwa neva zinazotoa kemikali ya noradrenalini hutambua kwamba juhudi zimegonga mwamba. Seli ziitwazo glia, ambazo kwa miaka mingi zilidhaniwa kuwa watumishi tu wa neva, hujumlisha ishara hizo na hatimaye kuchangia kuusimamisha mkia. Glia zilipovurugwa, tabia hiyo ya kukata tamaa ilipungua.

Asilimia 70 hivi ya jeni za binadamu zina mwenzake katika samaki huyu. Lakini ubongo wake hauna gamba la nje lenye matabaka kama letu. Hivyo, anachofichua ni misingi ya kazi ya ubongo, wala si tiba ya moja kwa moja ya maradhi ya akili.